MiniSat

MiniSat ni programu huria ya kompyuta inayotatua tatizo la utoshelezaji katika mantiki ya Boole, tatizo ambalo kimataifa hujulikana kwa kifupi SAT. Programu hupokea orodha ya masharti yaliyoandikwa kwa namba na alama, kisha hujibu swali moja tu: je, kuna njia yoyote ya kuyatimiza masharti yote kwa pamoja? Kama njia ipo, programu hutaja mojawapo. Kama haipo, husema haipo. MiniSat haina madirisha wala vitufe vya kubofya. Mtumiaji huiendesha kwa kuandika amri kwenye kompyuta.

Iliandikwa kwa lugha ya C++ na Niklas Eén na Niklas Sörensson wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers, mjini Göteborg, Uswidi. Ilitangazwa mwaka 2003, na toleo la 2.2 lilitoka mwaka 2010. Hutolewa chini ya leseni ya MIT, ambayo inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, hata kibiashara, mradi abaki na tamko la hakimiliki.

Leo zipo programu nyingine zenye kasi zaidi. Hata hivyo MiniSat ina nafasi ya pekee katika historia ya sayansi ya kompyuta, kwa sababu ilikuwa ndogo na iliandikwa ili isomeke. Watu wengi walijifunza kutokana nayo namna ya kutengeneza programu za aina hiyo, na nyingi kati ya zilizofuata ni uzao wake.

Tatizo la SAT

Mwanahisabati Mwingereza George Boole (1815-1864) alionyesha kwamba hoja za mantiki zinaweza kushughulikiwa kama hesabu. Katika mantiki hiyo kila sentensi ina thamani moja kati ya mbili: kweli au si kweli. Sentensi huunganishwa kwa maneno "na" na "au", na hukanushwa kwa "si".

Alama inayosimama badala ya sentensi huitwa kigeu, kwa kuwa thamani yake inaweza kugeuka. Vigeu kadhaa, au makanusho yake, vikiunganishwa kwa "au" hufanya kishazi. Kishazi hutimizwa ikiwa angalau sehemu yake moja ni kweli. MiniSat hupokea orodha ya vishazi na hutafuta thamani za vigeu zitakazovitimiza vyote. Sharti lolote la mantiki linaweza kuandikwa upya kwa umbo hili la vishazi.

Njia rahisi ya kutafuta jibu ni kujaribu kila uwezekano. Ubaya wake ni kwamba idadi ya uwezekano huongezeka mara mbili kwa kila kigeu kinachoongezwa. Vigeu 3 vina uwezekano 8, vigeu 10 vina 1,024, na vigeu 20 vina 1,048,576. Vigeu 300 vina uwezekano mwingi kuliko idadi inayokadiriwa ya atomu zote katika ulimwengu unaoonekana. Hakuna kompyuta inayoweza kuupitia wote mmoja mmoja.

Mwaka 1971 Stephen Cook alithibitisha kwamba matatizo mengi sana, yale ambayo jibu lake likishapatikana ni rahisi kulikagua, yanaweza kugeuzwa kuwa tatizo la SAT. Leonid Levin, aliyefanya kazi katika Umoja wa Kisovyeti, alifikia matokeo yanayofanana na hayo na kuyachapisha mwaka 1973. Maana yake ni kwamba mtu akipata njia ya haraka ya kutatua kila swali la SAT, atakuwa amepata njia ya haraka ya kutatua matatizo hayo yote. Kama njia hiyo ipo au haipo bado haijulikani. Swali hilo, liitwalo P dhidi ya NP, ni moja kati ya maswali saba ya hisabati ambayo Taasisi ya Clay ya Marekani iliyatangazia zawadi ya dola milioni 1 kila moja mwaka 2000.

Mfano: ratiba ya mitihani

Tuchukue shule yenye mitihani mitatu, yaani Hisabati, Fizikia na Jiografia, na siku mbili za kuifanya, Jumatatu na Jumanne. Mwanafunzi haruhusiwi kufanya mitihani miwili kwa siku moja. Wapo wanafunzi wanaosoma Hisabati na Fizikia, na wapo wanaosoma Fizikia na Jiografia. Je, ratiba inawezekana?

Vigeu vitakuwa vitatu:

1: Hisabati inafanyika Jumatatu
2: Fizikia inafanyika Jumatatu
3: Jiografia inafanyika Jumatatu

Kigeu kikiwa si kweli, mtihani huo unafanyika Jumanne. Sharti la kwamba Hisabati na Fizikia zisiwe siku moja linahitaji vishazi viwili. Cha kwanza ni "1 au 2", kinachozuia zote mbili kuwa Jumanne. Cha pili ni "si 1 au si 2", kinachozuia zote mbili kuwa Jumatatu. Fizikia na Jiografia huandikiwa vishazi viwili vya namna hiyo hiyo.

Jibu linapatikana bila shida: Hisabati na Jiografia ziwekwe siku moja, na Fizikia siku nyingine. Lakini akitokea mwanafunzi mmoja anayesoma Hisabati na Jiografia, sharti la tatu linaongezeka, na hapo ratiba haiwezekani tena. Mitihani mitatu ambayo yote inagongana haiwezi kuenea katika siku mbili.

Matumizi kwenye mstari wa amri

Masharti huandikwa katika faili la maandishi ya kawaida, kwa muundo uitwao DIMACS. Muundo huu unatumiwa na karibu programu zote za SAT, hivyo faili moja linaweza kupimwa kwa programu mbalimbali. Mfano wa ratiba, kabla ya kuongeza sharti la tatu, huandikwa hivi:

c ratiba ya mitihani
p cnf 3 4
1 2 0
-1 -2 0
2 3 0
-2 -3 0

Mstari unaoanza na herufi c ni maelezo ya binadamu tu, na programu huuruka. Mstari unaoanza na p hutaja idadi ya vigeu, hapa 3, na idadi ya vishazi, hapa 4. Kila mstari unaofuata ni kishazi kimoja. Alama ya kutoa humaanisha "si", na sifuri huonyesha mwisho wa kishazi.

Katika mifumo ya Linux kama Debian na Ubuntu, MiniSat hupatikana kwa amri ifuatayo:

sudo apt install minisat

Faili likihifadhiwa kwa jina ratiba.cnf, programu huendeshwa hivi:

minisat ratiba.cnf jibu.txt

Kwenye skrini huonekana takwimu za utafutaji, na mwishoni neno SATISFIABLE, yaani masharti yanatimizika. Ndani ya faili la jibu.txt huandikwa neno SAT na chini yake orodha ya thamani, kwa mfano:

1 -2 3 0

Yaani kigeu 1 ni kweli, 2 si kweli, 3 ni kweli: Hisabati na Jiografia Jumatatu, Fizikia Jumanne. Jibu la kinyume chake, -1 2 -3, nalo ni sahihi. MiniSat hutoa jibu moja tu na huishia hapo. Anayetaka jibu jingine huongeza kishazi kinacholikataa lile la kwanza, kisha huiendesha tena.

Zikiongezwa mistari "1 3 0" na "-1 -3 0", na idadi ya vishazi ikabadilishwa kuwa 6, skrini itaonyesha neno UNSATISFIABLE, yaani masharti hayatimiziki. Programu inapomaliza hurudisha pia namba kwa mfumo wa kompyuta: 10 kama jibu lipo, na 20 kama halipo. Kwa namba hizo programu nyingine inaweza kuita MiniSat na kulielewa jibu bila kusoma maandishi. Mtumiaji anaweza kuweka kikomo cha muda kwa sekunde, kama vile -cpu-lim=60. Orodha ya machaguo yote huonekana kwa amri minisat --help.

Jinsi inavyofanya kazi

MiniSat haijaribu uwezekano wote. Hubahatisha kidogo, hufuata matokeo ya kubahatisha huko, na inapokosea hujifunza kutokana na kosa. Hatua zake kuu ni hizi.

Ulazimisho. Kishazi kikibakiwa na sehemu moja tu ambayo haijaamuliwa, na sehemu nyingine zote si kweli, basi sehemu hiyo lazima iwe kweli. Uamuzi huo unaweza kulazimisha mwingine, na huo mwingine tena. Kazi hii huchukua sehemu kubwa ya muda wa programu. Ili kuharakisha, kila kishazi huangaliwa kupitia sehemu zake mbili tu. Sehemu hizo mbili zikiwa hazijakanushwa, hakuna haja ya kukigusa kishazi hicho.

Kujifunza. Ulazimisho ukifikisha kwenye mgongano, programu huchunguza ni maamuzi gani yaliyouleta, kisha huandika kishazi kipya kinachozuia kosa hilo lisirudiwe. Baadaye hurudi nyuma, wakati mwingine kwa kuruka maamuzi mengi ambayo hayakuhusika.

Mfano wa ratiba yenye vishazi sita unaonyesha jambo hili, tukiacha kwanza hatua ya kurahisisha itakayoelezwa chini. Tuseme programu imebahatisha kwamba 1 ni kweli. Kishazi "-1 -2" kinalazimisha 2 iwe si kweli, na "-1 -3" kinalazimisha 3 iwe si kweli. Lakini kishazi "2 3" kinataka mojawapo iwe kweli, hivyo kuna mgongano. Chanzo chake ni uamuzi mmoja, 1, kwa hiyo programu hujifunza kishazi kipya "-1": Hisabati haiwezi kuwa Jumatatu. Sasa kwa kuwa 1 si kweli, "1 2" kinalazimisha 2 iwe kweli na "1 3" kinalazimisha 3 iwe kweli, ambayo inapingana na "-2 -3". Safari hii hakuna lolote lililobahatishwa, kwa hiyo hakuna pa kurudi. Programu inatangaza kwamba jibu halipo.

Kuchagua kigeu. Vigeu vilivyohusika katika migongano ya karibuni hupewa alama nyingi, na alama za zamani hufifia taratibu. Programu ikitaka kubahatisha huanza na chenye alama nyingi. Hivyo hubaki ikishughulika na sehemu ngumu ya tatizo badala ya kutangatanga.

Kuanza upya na kusahau. Kila baada ya migongano kadhaa programu huacha maamuzi yake na kuanza tena kutoka juu, lakini hubaki na vishazi ilivyojifunza. Vishazi hivyo vikizidi huijaza kumbukumbu na kupunguza kasi, kwa hiyo vile visivyotumika sana hufutwa.

Kurahisisha. Kuanzia toleo la 2, MiniSat hupunguza orodha ya masharti kabla ya kuanza kutafuta, kwa kuondoa vigeu na vishazi visivyo vya lazima. Mtumiaji anaweza kuizuia hatua hii kwa chaguo -no-pre.

Historia

Msingi wa mbinu hizi ni wa zamani. Martin Davis na Hilary Putnam walichapisha njia yao ya kutatua masharti ya mantiki mwaka 1960. Mwaka 1962 Davis, George Logemann na Donald Loveland waliiboresha kwa kutumia kubahatisha na kurudi nyuma. Kwa miaka mingi baadaye SAT ilibaki somo la nadharia, kwani matatizo makubwa yalizishinda kompyuta.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1996, wakati João Marques-Silva na Karem Sakallah wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipotangaza programu ya GRASP iliyojifunza kutokana na migongano. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walitoa Chaff, iliyoleta mbinu ya kuangalia sehemu mbili za kishazi pamoja na namna mpya ya kuchagua vigeu. Kasi iliongezeka sana, na SAT ikaanza kutumika viwandani.

Hata hivyo aliyetaka kuijenga programu ya aina hiyo mwenyewe alipata shida. Makala za kitaalamu zilieleza mawazo makuu, lakini kasi ya kweli ilitegemea mambo madogo madogo ya uandishi wa programu. Eén na Sörensson walikuwa wamekwisha kuandika programu mbili, Satzoo na Satnik. Katika mkutano wa SAT wa mwaka 2003, uliofanyika Italia, waliwasilisha makala iliyoeleza MiniSat hatua kwa hatua, kwa lengo la kumwezesha msomaji kutengeneza programu yake mwenyewe kwa muda mfupi.

Udogo huo haukuipunguzia nguvu. Katika mashindano ya SAT ya mwaka 2005, MiniSat ikisaidiwa na kirahisishi kiitwacho SatELite, kazi ya Eén na Armin Biere, ilishinda katika matatizo yanayotoka viwandani. Mwaka 2006 MiniSat 2.0 ilishinda shindano la SAT-Race.

Matumizi

Umuhimu wa programu za SAT unaonekana zaidi pale ambapo kosa moja lina gharama kubwa. Mwaka 1994 iligundulika kwamba kichakataji cha Pentium kilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya, na kampuni ya Intel ikatenga dola milioni 475 kwa ajili ya tatizo hilo. Kupima chipu kwa mifano michache hakutoshi, kwa kuwa kosa linaweza kujificha katika mfano ambao haukupimwa. Badala yake, wahandisi huandika mchoro wa chipu kama vishazi, huongeza sharti "kuna kosa", kisha huiuliza programu ya SAT. Ikipata jibu, jibu hilo ndilo mfano wa kosa lenyewe. Ikisema jibu halipo, kosa la aina hiyo haliwezi kutokea ndani ya mipaka iliyochunguzwa. Mbinu hii ilielezwa na Biere na wenzake mwaka 1999.

Waandishi wa MiniSat walilenga kazi hiyo. Ndiyo sababu MiniSat inaweza pia kuwekwa ndani ya programu nyingine na kuulizwa maswali mengi mfululizo, huku ikihifadhi yale iliyokwisha kujifunza katika maswali yaliyotangulia.

Matumizi mengine ni kupanga ratiba, kutafuta hitilafu katika programu za kompyuta, na kuchagua matoleo ya vifurushi vya programu yanayopatana yenyewe kwa yenyewe.

Programu zilizotokana nayo

Kwa kuwa msimbo wake uko wazi na ni mfupi, MiniSat imezaa programu nyingi. Sat4j, inayoongozwa na Daniel Le Berre wa Ufaransa, ilianza kama MiniSat iliyoandikwa upya kwa lugha ya Java. Hutumika ndani ya Eclipse, programu maarufu ya waandishi wa Java, kuamua ni viongezi gani vinaweza kuwekwa pamoja. CryptoMiniSat ya Mate Soos iliongeza uwezo unaofaa maswali ya usimbaji wa siri. Mwaka 2009 Gilles Audemard na Laurent Simon wa Ufaransa walitoa Glucose, iliyobadilisha namna ya kuamua vishazi gani vihifadhiwe na vipi visahauliwe. Mwaka huo huo mashindano ya SAT yalianzisha kundi maalumu la washiriki waliotakiwa kufanya mabadiliko madogo tu katika MiniSat.

Mwaka 2016 Marijn Heule, Oliver Kullmann na Victor Marek walitumia Glucose katika kutatua swali la hisabati lililokuwa limedumu kwa miaka mingi. Swali lilikuwa hili: je, namba nzima zinaweza kupakwa rangi mbili bila namba tatu zinazotimiza a² + b² = c², kama 3, 4 na 5, kuwa za rangi moja? Walionyesha kwamba inawezekana kwa namba 1 hadi 7,824, lakini haiwezekani zikifika 7,825. Uthibitisho wao ulikuwa na ukubwa wa terabaiti 200 hivi.

Mipaka

Majibu mawili ya MiniSat hayana uzito sawa kwa mkaguzi. Programu ikisema jibu lipo, yeyote anaweza kulihakiki kwa kupitia vishazi kimoja kimoja. Ikisema halipo, mtumiaji hana budi kuamini kwamba programu haikukosea. Kwa sababu hiyo programu nyingi za baadaye huandika pia uthibitisho unaoweza kukaguliwa na programu nyingine ndogo, na uthibitisho wa mwaka 2016 uliotajwa juu ulikaguliwa kwa njia hiyo.

Aidha, kasi ya MiniSat haina dhamana. Inaweza kutatua tatizo la viwandani lenye vigeu laki kadhaa, kisha ikakwama kwenye tatizo dogo. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa vibanda vya njiwa: njiwa 13 hawawezi kugawanywa katika vibanda 12 bila wawili kukaa pamoja. Mtoto wa shule ya msingi huliona jambo hilo kwa kuhesabu tu. Lakini MiniSat haihesabu. Hufuata vishazi, na mwaka 1985 Armin Haken alithibitisha kwamba katika mfumo wa hoja ambao programu za aina hii huutumia, urefu wa uthibitisho wa jambo hilo huongezeka kwa kasi kubwa mno kadiri idadi ya njiwa inavyoongezeka.

Ratiba ya mitihani mitatu kwa siku mbili ni tatizo la aina hiyo hiyo katika umbo lake dogo kabisa. Kwa mitihani mitatu MiniSat hujibu papo hapo. Mitihani ikiongezwa hadi makumi kadhaa, siku zikipungua kwa moja tu, na kila mtihani ukagongana na mwingine, programu inaweza kuhangaika muda mrefu sana kutafuta jibu ambalo mwalimu wa ratiba angelitoa kwa kuhesabu masomo na siku.